Batiki ya Kufunga: Istilahi za Utiaji Rangi Nguo Nyumbani

Mwalimu mmoja wa sayansikimu katika Wilaya ya Sumbawanga ametuandikia kuuliza mambo matatu. Kwanza, ataitaje kwa Kiswahili sanifu kazi ya kuifunga nguo kwa kamba na kuichovya katika rangi, ambayo wanafunzi wake huiita batiki, ilhali kitabu alicho nacho kinasema batiki ni kazi ya nta? Pili, neno "soda" katika karatasi ya mafunzo aliyopewa lina maana gani, kwa kuwa katika darasa lake limekwisha kufahamika kwa namna tatu? Tatu, "rangi za pipa" ni rangi gani? Amezitafuta madukani mjini Sumbawanga na kila mwenye duka amemwonyesha rangi za nyumba.

Maswali haya yanawahusu watu wengi. Tangu Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lilipoundwa mwaka 1973, mafunzo ya kutia rangi nguo yamekuwa miongoni mwa yale yanayopendwa sana na vikundi vya akina mama, kwa sababu hayahitaji mtambo wala umeme. Beseni, ndoo, kamba, jiko na kitambaa cheupe cha pamba vyatosha kuanzia. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, kama mahali pengine nchini, mtu aweza leo kukuta shuka, foronya, mapazia, vitambaa vya meza na magauni yaliyotiwa rangi uani. Karatasi za mafunzo, hata hivyo, aghalabu zimetafsiriwa kwa haraka, na mfasiri hakuwa na kamusi ya ufundi huo mkononi. Kosa la mfasiri wa hadithi humchosha msomaji. Kosa la mfasiri wa karatasi kama hizi laweza kumwunguza mkono.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba Ufipa si nchi iliyoanza juzi kujua mambo ya nguo. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita huko walikuta Wafipa wakifuma vitambaa vizito vya pamba kwa mikono, nao ni watu haohao waliosifika kwa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu. Nguo za kigeni zilipofika kwa wingi, marekani, bafta na kaniki, kitanda cha mfumi kilishindwa na jora la dukani. Ufumaji ulipokoma, maneno yake nayo yalianza kusahaulika. Kiswahili kinayo maneno mazuri ya kazi hiyo: mtande ni nyuzi zinazotandazwa kwa urefu, na mshindio ni uzi unaopitishwa kati yake kwa upana. Lakini ukiyatamka mbele ya darasa la sekondari leo utadhaniwa unasoma utenzi wa kale. Kwa hiyo ufundi wa kutia rangi ulipoenea, haukukuta msamiati hai wa nguo wa kuungana nao. Ulikuja na maneno yake, yameandikwa juu ya makopo.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Neno batiki asili yake ni kisiwa cha Java, ambako hutajwa kwalo kitambaa kilichochorwa kwa nta iliyoyeyushwa. Mahali palipo na nta hapapati rangi, na nta ikiisha kuondolewa mchoro hubaki mweupe. Kwa maana hiyo kitabu cha mwalimu wetu hakikukosea. Lakini neno linapohama nchi halilazimiki kuchukua mizigo yake yote. Kwa Watanzania walio wengi batiki ni kitambaa chochote kilichotiwa rangi kwa mkono baada ya kuzibwa sehemu fulani, iwe kwa nta au kwa kamba. Husikika pia "taidai", neno lililochukuliwa zimazima kutoka Kiingereza. Kosa lake ni kwamba halimfundishi Mswahili lolote: silabi zake hazina maana kwake, wala halizai kitenzi wala jina la mtendaji.

Ni vema kuangalia wenzetu walifanyaje. Wayoruba wa Nigeria huiita nguo ya namna hii adire, nalo ni neno lililoundwa na vitenzi vyao wenyewe vya kufunga na kutia rangi. Wahindi wa Gujarati na Rajasthan huiita bandhani, kutokana na kitenzi cha kufunga, na kutoka mzizi huohuo Waingereza walipata jina la kile kitambaa cha shingoni kiitwacho bandana. Wajapani huiita shibori, nalo latokana na kitenzi cha kukamua au kubana. Watu hawa wa mbalimbali wote walikwenda kwenye kitenzi kinachotaja kazi ya mikono. Wanafunzi wa Sumbawanga wamefanya vivyo hivyo bila kuagizwa na mtu wanaposema "batiki ya kufunga". Kwa maoni ya mwandishi huyu, neno hilo lastahili kusanifiwa kama lilivyo, na mwenzake awe "batiki ya nta". Wengine husema "batiki ya mshumaa", lakini mshumaa ni umbo tu. Kinachofanya kazi ni nta, ya nyuki au ya mafuta ya petroli, na katika mikoa ya Rukwa na Katavi, yenye misitu ya miombo na mizinga mingi, nta ya nyuki si kitu cha kuagiza mbali.

Je, kuna haja ya kuzitenga? Iko, nayo si ya ushabiki wa lugha. Nta ya nyuki huyeyuka katika joto la nyuzi 62 hadi 64 hivi za Sentigredi. Rangi nyingi za pamba hushika vizuri katika maji ya nyuzi 50 hadi 60, na mtu asiye na kipimajoto hupita kiwango hicho kwa urahisi. Nguo iliyofungwa kwa kamba haidhuriki kwa joto hilo. Nguo iliyochorwa kwa nta hupoteza mchoro wote katika beseni. Basi karatasi inayosema tu "chovya batiki katika maji ya moto" imetoa agizo jema kwa mmoja na la hasara kwa mwingine. Vilevile mfasiri atenge "maji yaliyochemka", "maji ya moto" na "maji vuguvugu", maana hivi ni vitu vitatu. Hata maji yaliyochemka hayana joto moja kila mahali: Sumbawanga, ulio karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka katika nyuzi zipatazo 94, si 100.

Katika hatua za mwanzo za kazi Kiswahili hakina upungufu, isipokuwa watafsiri wamesahau kulitafuta neno pwani au kwa fundi cherehani. Kitambaa kipya huwa na unga uliotiwa kiwandani ili kikakamae, na ni lazima kufuliwa ili unga huo utoke, la sivyo rangi haipenyi. Karatasi moja tuliyoiona inasema "ondoa wanga". Neno sahihi zaidi ni dondo, na agizo lifaalo ni "fua kitambaa utoe dondo". Tena Sumbawanga pana sababu ya ziada ya kulipendelea: jina la mji huo aghalabu huelezwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi", na wanga tunawajua kuwa ni wale waendao usiku. Mwalimu atakayeliamuru darasa lake litupe wanga ataamsha vicheko ambavyo havitakwisha mpaka kengele ya kutokea.

Baada ya kutoa dondo, kitambaa hutayarishwa. Kuna kufunga kwenyewe: fundi hushika kitambaa katikati, hukiinua kama hema, kisha hukizungushia kamba kwa kukaza, na hapo hutokea duara. Akitaka maduara madogo mengi hufunga ndani yake kokoto, punje za mahindi au maharage, na kwa maharage Ufipa haina njaa. Kuna kukunja marinda, yaani kukunja kama sketi ya shule, kisha kufunga kila baada ya shubiri moja, na hapo hutokea mistari. Kuna kufinya, ambako kitambaa hukusanywa ovyo mkononi na kufungwa kama tonge, nacho hutoka na mawingu. Na kuna kushona kwa nyuzi ndefu za muda na kuuvuta uzi mpaka kitambaa kijikunje. Mafundi cherehani huuita mshono wa namna hiyo bandi. Basi "kupiga bandi na kuvuta" ni maelezo kamili, na hakuna sababu ya kumwachia mwanafunzi jina la Kimalaya lililopo katika vitabu vya kigeni.

Tunafika sasa kwenye neno rangi, ambalo ndilo lililomchanganya mwenye duka. Kiswahili kina neno moja kwa vitu ambavyo lugha nyingine huvipa majina mbalimbali: wekundu wa ua, rangi ya ukutani, dawa ya kutilia nguo, hata dawa ya viatu. Wako wanaoliona jambo hili kuwa ni umaskini. Nadhani wamelitazama jina wakasahau kitenzi. Mswahili hapaki rangi nguo, wala hachovyi nyumba. Ukuta hupakwa au hupigwa rangi, nguo hutiwa rangi, kanga huchapwa, midomo hupakwa. Kitenzi ndicho kinachobeba tofauti. Kwa hiyo mfasiri anapokutana na jina la kigeni la dawa ya nguo asihangaike kubuni neno jipya, aseme "rangi ya kutia nguo", na pale ambapo muktadha umekwisha kufahamika, "rangi" yatosha. Lakini asithubutu kuandika "paka rangi kitambaa", kwa kuwa msomaji atakwenda kutafuta brashi.

Ama "rangi za pipa", hilo ni zao la tafsiri ya neno kwa neno. Lugha za Ulaya huliita kundi hili la rangi kwa jina la chombo kikubwa ambamo nguo zilichovywa zamani. Mfasiri akatafuta chombo kikubwa kwa Kiswahili, akapata pipa. Msomaji naye akaelewa, na ana haki ya kuelewa hivyo, kwamba ni rangi zinazouzwa kwa mapipa. Mafundi wenyewe husema "rangi za vati", nami sioni sababu ya kulikataa neno hilo. Ni fupi, linatamkika, na halidanganyi.

Inafaa kueleza rangi hizi hufanyaje kazi, maana istilahi zake zinategemea kazi hiyo. Rangi ya vati kwa tabia yake haiyeyuki katika maji. Ili iyeyuke ni lazima ipunguziwe oksijeni kwa dawa iitwayo haidrosi, tena ndani ya maji yenye alkali kali, na alkali hiyo ndiyo kostiki. Ikiisha kuyeyuka hubadilika sura: rangi ya buluu yaweza kuonekana manjano au kijani ndani ya beseni. Katika hali hiyo hupenya ndani ya nyuzi za pamba. Nguo ikitolewa na kupigwa hewa, oksijeni huirudia rangi, nayo hurejea sura yake ya kwanza na kuwa kitu kisichoyeyuka, kikiwa kimenaswa ndani ya uzi. Ndiyo maana haitoki inapofuliwa. Nili, ambayo babu zetu waliijua katika kaniki, ni rangi ya vati vilevile. Ilikuwa ikitolewa katika majani ya mnili mpaka kiwanda cha Ujerumani kilipoanza kuuza nili ya kutengenezwa mwaka 1897.

Wanakemia wana neno "kuoksidisha", nalo libaki katika vitabu vya kemia. Katika karatasi ya mafunzo "acha nguo ipigwe hewa" ni bora mara mia, mradi iongezwe kwamba nguo itabadilika sura hewani. Mwanafunzi asiyeambiwa hilo, akiona shuka lake limetoka kijani ilhali alitaka buluu, hulirudisha katika beseni na kulitia rangi zaidi, na huo ni upotevu wa fedha.

Sasa soda. Katika Kiswahili cha kila siku soda ni kinywaji cha chupa. Kwa mpishi ni unga wa kuumulia maandazi. Tena wako wanaoita magadi kwa jina la "magadi soda", nayo ndiyo yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi. Na katika karatasi ya mwalimu wetu, soda ilikusudiwa kuwa kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, ambayo huchoma ngozi na yaweza kupofusha jicho. Katika darasa lile mmoja alitia magadi. Rangi haikuyeyuka vizuri, ikakaa juu ya kitambaa kama vumbi, na ilipofuliwa ikaondoka yote. Hasara hiyo ilikuwa ndogo. Msiba ungekuja kwa upande wa pili: mtu aliyezoea kushika magadi kwa vidole jikoni akaishika kostiki vivyo hivyo kwa kuwa karatasi imeziita zote soda. Kwa hiyo napendekeza, na katika hili sitaki suluhu, kwamba katika maandishi yote ya ufundi neno "soda" lisisimame peke yake kamwe. Iandikwe "kostiki" kwa hidroksidi ya sodiamu, "magadi" kwa yale ya asili, na "unga wa kuumulia" kwa ule wa maandazi. Karatasi iseme pia kwamba kostiki hutiwa ndani ya maji baridi kidogo kidogo, wala maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu huchemka na kuruka. Kwamba glovu za mpira huvaliwa. Na kwamba ikimrukia mtu huoshwa mara moja kwa maji mengi yanayotiririka.

Haidrosi nayo ina masharti yake. Hutoa harufu kali ya kukaba koo, kwa hiyo kazi ifanyike uani na si ndani ya nyumba iliyofungwa kwa sababu ya baridi ya Juni. Tena ikipata unyevu yaweza kupata moto yenyewe. Katika masika ya Ufipa, yanayoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, kopo lake lisiachwe wazi. "Hifadhi pakavu" ni maneno mawili tu, lakini katika karatasi niliyonayo hayamo.

Liko neno jingine linaloonekana halina madhara: sufuria. Asili yake ni Kiarabu, na lilihusu chombo cha shaba. Leo sufuria ya nyumbani aghalabu ni ya alumini, na kostiki huila alumini na kutoa gesi ya hidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Agizo la "koroga katika sufuria" ni tafsiri sahihi kwa mujibu wa kamusi, na ni agizo la hatari. Iandikwe "beseni au ndoo ya plastiki", au "chombo cha chuma chenye enameli isiyobanduka", na isisitizwe kwamba chombo hicho hakirudi jikoni.

Na kijiko je? Kijiko cha chai huchukua mililita 5, cha mezani mililita 15. Mmoja ni mara tatu ya mwenziwe. Karatasi zinazosema "vijiko viwili" bila kutaja vya aina gani zimemwachia msomaji abahatishe kiasi cha dawa inayochoma.

Kwa matokeo ya kazi lugha yetu ni tajiri, na yafaa watafsiri waache kuandika "rangi ni nzuri" au "rangi si nzuri". Rangi iliyopenya na kuwa nzito imekolea. Inayotoka katika maji ya kufulia na kuzichafua nguo nyingine inachuja. Inayofifia kwa jua siku baada ya siku inapauka. Kuchuja na kupauka si kitu kimoja, wala havina dawa moja: cha kwanza huonyesha kwamba nguo haikusuuzwa vya kutosha au rangi haikuyeyuka sawasawa, cha pili ni tabia ya rangi yenyewe, na njia ya kukipunguza ni kuanika kivulini. Mteja anayerudisha shuka sokoni hulalamikia mojawapo, na fundi akijua ni lipi atajua kosa lake liko wapi.

Rangi za mimea, kama bizari, zingefuri, maganda ya vitunguu na gamba la mkoko, zina mambo yake, hasa dawa za kuzishikiza kama shabu, nazo zastahili makala ya peke yake.

Pengo moja la kweli limesalia. Hatuna neno linalojumlisha nta, kamba, bandi, kokoto na kila kinachozuia rangi isifike mahali fulani. Bila neno hilo mwalimu hawezi kueleza kwamba batiki ya nta na batiki ya kufunga ni matawi ya shina moja. Yamependekezwa "kizuizi" na "kizibo". Kizuizi kimekwisha kushikwa na barabara na polisi, na kizibo ni cha chupa. Mimi naelekea kwenye neno "kinga": kinga ya nta, kinga ya kamba, na kitenzi "kukinga", kama katika "kinga sehemu zitakazobaki nyeupe". Lina udhaifu kwamba linafikirisha habari za maradhi, lakini mtu hukinga mvua na hukinga jua pia, na hakuna anayetatizika.

Kabla ya kulipitisha au kuliacha, kanuni yatutaka tuangalie pia lugha nyingine za Kibantu. Wazee wa Ufipa waliowaona wazazi wao wakifuma huenda bado wanakumbuka maneno ya Kifipa ya kufunga, kukaza na kuziba nyuzi, na hatuna orodha yake. Tunawaomba walimu na watumishi walioko Sumbawanga, Namanyere, Laela na Matai watuandikie maneno hayo, kila neno likiwa ndani ya sentensi nzima kama lilivyosemwa, pamoja na jina la kijiji liliposikiwa. Neno lililokuja peke yake haliwezi kutuonyesha kama lilihusu uzi, kitambaa au rangi.